Kutajwa Si Kusikizwa

Cucu yangu ana daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani hakuna hesabu wala insha. Kuna tarehe. Ya kwanza ni ya Machi 2014, kwa mwandiko wangu wa darasa la nane. Jana usiku nilizihesabu zote: 37. Kando ya kila tarehe niliandika kwa ufupi kilichotokea. "Jaji hayuko." "Faili haionekani." "Wakili wao mgonjwa." "Itatajwa." "Itatajwa." "Itatajwa tena." Kwa miaka kumi na moja, neno "tumesikizwa" limo mara tisa pekee.

Kwa wale ambao hamjawahi kukanyaga korti: kuna siku ya kesi kusikizwa na kuna siku ya kesi kutajwa. Siku ya kusikizwa, mashahidi wanasema walichojua. Siku ya kutajwa, jina la kesi linasomwa, wakili anasimama, anasema jambo kwa Kiingereza, mnapewa tarehe nyingine. Dakika mbili, hata moja. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, imekupita. Halafu mnatoka nje mkitazamana kama watu walioshuka steji isiyo yao.

Ninachotaka kusema ni hiki, na nakisema mapema ili asiye na muda aende zake: shida kubwa ya Mahakama ya Kenya haiko kwa majaji tunaowaona kwenye runinga na majoho yao. Iko kwenye kalenda. Anayegawa tarehe ndiye anayegawa haki, na kwa sasa tarehe zinagawiwa kana kwamba siku ya mwananchi haina bei.

Babu alifariki 2012. Aliacha ekari nne upande wa Mbeere, taito ikiwa kwa jina lake, mke mmoja, watoto watano, na ndugu wa kambo aliyesema nusu ya shamba ni yake kwa kuwa baba yao aliliandikisha lote kwa jina la mkubwa. Kisheria, mirathi si jambo la miujiza. Barua ya chifu, fomu, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kungoja mwenye pingamizi, halafu miezi sita baada ya kupewa usimamizi ndipo uombe uthibitisho wa nani apate nini. Pasipo ugomvi, unaweza kumaliza kwa mwaka mmoja na ushee. Kwetu pingamizi lilikuja. Na silalamikii pingamizi. Mtu akidhani ana haki, aende korti, asikizwe, iamuliwe. Huko kusikizwa ndiko kulikokataa kuja.

Mwaka 2019 niliingia chuo kikuu. Mpango wa karo ulikuwa kuuza nusu ekari. Lakini nani atanunua shamba la marehemu lenye kesi? Benki haikusikii, mnunuzi wa maana anakimbia, na yule anayekubali anataka akupe bei ya mbuzi wawili. Nilivumilia hadi 2021 nikatoka. Sisemi korti ilinifukuza chuo. Kulikuwa na mambo mengine, ukiwemo uvivu wangu wa kufika darasa la takwimu saa moja asubuhi. Lakini najua nusu ekari ingenibeba hadi mwaka wa nne, na najua nusu ekari hiyo ilikuwa ndani ya faili, na faili lilikuwa kwenye rafu, na rafu ilikuwa inangoja tarehe.

Yule mzee wa pingamizi naye alifariki 2020. Watoto wake wakaingia mahali pake. Kwa hivyo leo nashtakiana na binamu ambaye tulichunga mbuzi pamoja, kwa neno ambalo mimi na yeye hatukulisema. Tumerithi kesi kabla ya kurithi shamba.

Korti yenyewe siitaji jina. Nikiitaja, utasema, "Ah, kumbe ni ile," kisha ulale salama ukidhani ya kwenu ni tofauti.

*

Siku ya korti Cucu anaamka saa tisa usiku. Siku hiyo hachumi muguka, na muguka ndiyo mshahara wake. Boda hadi barabarani, matatu hadi mjini. Mimi naishi Makutano, Meru mjini, ninakoandikia watu makala za vibarua, kwa hivyo napanda gari la kwanza: Nkubu, Igoji, lile daraja la Nithi ambapo gari lote hunyamaza, Chuka, Runyenjes, halafu Embu. Tunakutana kwenye benchi. Saa tatu orodha ya kesi inabandikwa. Tunatafuta jina la babu, mtu aliyekufa miaka hiyo yote, na tukilipata tunafurahi kana kwamba amefufuka.

Saa tano karani anatoka. "Hakimu hayuko leo. Njooni mchukue tarehe."

Hakimu yuko wapi? Yuko kwenye mafunzo. Au likizo. Au amehamishwa. Jambo ambalo kila mtu kwenye jengo lile alilijua tangu wiki iliyopita, isipokuwa sisi tuliotoka nyumbani usiku. Siku moja kama hiyo nilihesabu watu kwenye benchi na chini ya mti nje: 64. Chukua nauli, chai ya kantini na kibarua kilichopotea, sema ni shilingi elfu moja tu kwa kila mtu. Hiyo ni 64,000 asubuhi moja, kwenye korti moja. Hakuna kitabu cha serikali kinachoandika pesa hizo, kwa sababu hazikutoka kwa serikali. Zilitoka kwa akina Cucu.

Na sasa mtu wa sheria ataniambia nisome Katiba. Nimesoma. Kwenye karatasi, nyumba hii imepangwa vizuri kuliko nyumba nyingi Afrika. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, haki itolewe kwa wote bila kujali hadhi, isicheleweshwe, na isizibwe na ufundi wa taratibu. Juu kuna Mahakama ya Juu yenye majaji saba. Chini yake Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu pamoja na mbili zenye hadhi sawa nayo: ya ajira, na ya mazingira na ardhi. Halafu mahakimu, makadhi, mahakama za kijeshi na mabaraza maalum. Tume ya Huduma za Mahakama inapendekeza majaji kwa rais na kuajiri mahakimu. Jaji Mkuu ndiye kiongozi. Msajili Mkuu ndiye msimamizi wa shughuli na mwenye kujibu kuhusu pesa.

Haya. Sasa nionyeshe kwenye mpangilio huo ni nani anayemjibu Cucu akiuliza, "Mbona sikuambiwa?"

Utasema kuna ofisi ya kupokea malalamishi. Ipo. Lakini malalamishi yanataka mkosaji, na hapa hakuna aliyekosa. Hakimu alihamishwa kihalali. Wakili aliugua kweli, nilimwona akikohoa. Karani aliandika tarehe aliyoambiwa aandike. Kila mtu ametimiza wajibu wake, na kesi ina miaka kumi na moja. Hilo ndilo linalonitia hasira. Hongo ningeielewa, ina mwenyewe. Huu ni ucheleweshaji usio na mwenyewe.

Hata mageuzi mazuri yakipita kwenye rafu hiyo yanageuka. Mfano: kesi yetu ilianzia Mahakama Kuu. Kisha ikaja Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, iliyopanua uwezo wa mahakimu hadi hakimu mkuu akaweza kusikiza madai ya hadi shilingi milioni 20, na mirathi za watu wa kawaida zikashuka kwao. Wazo zuri kabisa. Haki ishuke chini, jaji abaki na mazito. Faili letu likahamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na katika safari hiyo fupi likapotea miezi minane. Tulikwenda mara nne. Mara ya tano likaonekana. Hakuna aliyetuambia lilikuwa wapi.

*

Sasa sikiza, maana hapa ndipo wengi hudanganywa. Tunaambiwa korti ni polepole kwa asili yake, kama kobe. Si kweli. Korti hizihizi za kwetu zinajua kukimbia.

Mei 2024, Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka. Wakulima wa Mbeere wakapata kiwewe, na mimi pia, maana nauli ya Cucu imo kwenye majani hayo. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu ya Embu, na kabla ya mwezi huo kwisha marufuku ilikuwa imesimamishwa kwa agizo la muda. Siku chache tu. Sisemi vibaya, tulishangilia. Nasema tu kwamba muguka uleule anaochuma Cucu ulisikizwa kabla yake.

Rudi nyuma kidogo, uende Meru. Oktoba 2012, watoto wa kike waliokuwa wamenajisiwa, wakisaidiwa na shirika la Ripples International, walikwenda Mahakama Kuu ya Meru kusema kwamba polisi walipokea malalamishi yao na kukaa bila kuchunguza ipasavyo. Ndiyo kesi inayojulikana kama ya wasichana 160. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau aliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao na kuwaagiza wachunguze. Miezi saba na ushee. Si Nairobi, si Mahakama ya Juu. Meru hapahapa, kwenye mji tunaoujua kwa miraa na baridi. Uamuzi huo ulivuka mipaka, mawakili wa haki za wanawake wanautaja hadi leo. Kwa hivyo tusiambiane ati mashambani haiwezekani.

Na wakubwa? Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya uchaguzi wa rais. Siku 14! Majaji hawalali, makarani hawalali, masanduku yanafunguliwa, na hukumu inatoka. Tuliona Septemba 2017 uchaguzi ukifutwa, tukaona Septemba 2022 ukithibitishwa. Kesi ya kupinga uchaguzi wa gavana au mbunge ina miezi sita. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Aprili 2021 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ina siku 60.

Mirathi ya Cucu ina siku ngapi? Haina. Mtunga sheria alijua sana kuandika muda. Alipofika kwa mwanasiasa akauandika, alipofika kwa mfanyabiashara wa deni dogo akauandika, alipofika kwa mjane mwenye ekari nne kalamu ikaisha wino.

*

Jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba majaji na mahakimu ni wachache na pesa hazitoshi. Ni kweli. Mahakama hupata chini ya asilimia moja ya bajeti ya taifa. Na wakati mwingine uchache huo ulitengenezwa makusudi. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Katiba inasema rais anateua kulingana na mapendekezo ya Tume. Uhuru Kenyatta akakaa na orodha. Mmoja akafariki akingoja. Juni 2021 akateua 34, akaacha sita, na hao sita wakaapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kuingia. Kwa hivyo hata majaji wenyewe wanajua kungoja tarehe. Yeyote aliyepiga makofi kwa ucheleweshaji ule kwa sababu ya chama chake ajue alimpigia makofi hakimu asiyekuwepo siku ya kesi yake.

Lakini uchache hauelezi kila kitu. Namba ya simu ya Cucu iko kwenye faili, ukurasa wa kwanza. Meseji ya simu haigharimu hata robo ya boda. Kumwambia mtu jioni "kesho usije" hakuhitaji jaji mpya, hakuhitaji jengo jipya, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji mtu mmoja kuamini kwamba siku ya mama wa Mbeere ni siku.

Halafu kuna hili la kuhamisha. Hakimu wa tatu kushika kesi yetu ndiye aliyekuwa wa maana. Alisikiza mashahidi wawili, akamsikiza Cucu mwenyewe kwa saa nzima. Miezi mitatu baadaye akahamishwa. Hakimu mpya anaweza kuendelea alipoachia mwenzake au kuanza upya. Wakili wa upande wa pili akaomba tuanze upya, na tukaanza upya. Cucu akasimama tena, safari hii akiwa na miaka minne zaidi. Akaulizwa ua wa mpaka ulipandwa mwaka gani. Mara ya kwanza alikuwa amesema mwaka mmoja, mara ya pili akasema mwingine. Wakili akageuka kwa hakimu akitabasamu, kama mtu aliyeokota pesa. Hivyo ndivyo ucheleweshaji unavyofanya kazi. Hauketi tu pembeni ukingoja. Unakula ushahidi. Shahidi wetu mmoja, jirani aliyeshika kamba siku ya kupima shamba, yuko kaburini na alichokijua.

Uhamisho una sababu nzuri, najua. Hakimu akikaa mji mmoja sana anazoea watu, anaanza kualikwa harusi. Sawa. Ahamishwe. Lakini amalize kwanza alichokianza, au arudi siku zilizopangwa amalize. Hata fundi wa mabati hahami kijiji akiwa ameacha nusu ya paa.

Na lugha. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza. Korti za chini ndizo zinazoruhusiwa Kiingereza au Kiswahili. Hata huko chini, kwa niliyoyaona, mawakili na hakimu wanaongea Kiingereza chao, na karani anayetafsiri anafikiwa mwishoni. Wakabishana dakika kumi, Cucu akaniinamia: "Mwana wakwa, wamesema nini?" Karani akamtafsiria: "Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita." Neno pekee la kesi yake ambalo Jamhuri iliona anastahili kulielewa ni tarehe.

*

Kuna wanaosema dawa ni kurudi kwa wazee. Kwetu Meru hilo lina jina kubwa, Njuri Ncheke, na makao yao pale Nchiru yanaheshimiwa na kila mwanasiasa anayetafuta kura. Ibara ya 159 inazikubali njia za jadi mradi zisivunje Katiba, na mwaka 2020, enzi za Jaji Mkuu David Maraga, Mahakama ilizindua sera ya haki mbadala. Migogoro mingi ya mipaka, mifugo na matusi ya majirani inamalizwa na wazee kwa wiki moja, na inamalizwa vizuri. Wapewe.

Lakini tusidanganyane. Njuri ni baraza la wanaume. Cucu ni mjane anayedai shamba mbele ya ukoo wa mume wake. Unataka nimpeleke akakae mbele ya wanaume tupu wamwambie mwanamke anarithi nini? Kizazi chetu kinapaswa pia kukumbuka 1956, Njuri ilipopiga marufuku tohara ya wasichana Meru chini ya serikali ya mkoloni. Wasichana waliamua kujikata wenyewe, na kwa miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walifikishwa mbele ya Mahakama za Waafrika kwa kukaidi amri hiyo. Tohara ile ilikuwa mbaya, na bado ni mbaya. Ila ona mpangilio: wakoloni walikuwa na korti zao, Mwafrika akawekewa zake chini ya macho ya mkuu wa wilaya, na wazee wakatumiwa kama mkono. Mfumo huo wa korti mbili haukuunganishwa kwa sheria mpaka 1967. Nikisikia mtu wa Nairobi akisema maskini waende kwa wazee kwa sababu korti imejaa, nasikia korti mbili zikirudi kupitia mlango wa jikoni. Wazee wawe chaguo la anayetaka. Wasiwe pa kumwaga wasioweza kungoja.

Na tusidhani tutaokolewa na mtu. Tumejaribu watu. Mwaka 2003 kamati ya Jaji Aaron Ringera ilitaja majaji 23 kuwa na tuhuma, watano kati ya tisa wa Rufaa na 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, pamoja na mahakimu 82. Baada ya Katiba mpya tukawapiga msasa wote tena. Kila Jaji Mkuu tangu Willy Mutunga amekuja na mpango wake wa mageuzi, ukiwa na jalada zuri. Mei 2021 tulipata Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, tena mzaliwa wa Kithiu, Meru. Nilikuwa Makutano siku hiyo, tulinunuliana soda. Fahari ni kitu kizuri. Lakini daftari la Cucu halikubadilika.

Machi 2024 uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulifikishwa korti zote nchini. Nikasema sasa basi. Kumbe foleni imehama tu kutoka masijala hadi saiba. Cucu ana mulika mwizi, simu ya tochi na vibonyezo. Kiungo cha kikao kinatumwa kwangu, nanunua bando, nashika simu mbele yake, tunaona paji la uso la mtu na kusikia "umezima maikrofoni." Kisha: "Itatajwa." Tofauti ni kwamba sasa tumeahirishiwa tukiwa tumekaa kwenye kiti cha plastiki. Na bado, kusema kweli, napenda hiyo kuliko nauli.

*

Kwa hivyo tunataka nini? Mimi nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kubadilisha Katiba.

Moja, meseji. Korti ikijua haitakaa, kila mwenye kesi aambiwe kabla ya jua kutua siku iliyotangulia. Isipofanya hivyo bila sababu ya dharura, tarehe inayofuata iwe ya kusikizwa, si ya kutajwa.

Mbili, hakimu aliyeanza kusikiza mashahidi amalize. Akihamishwa, arudi kwa siku zilizopangwa.

Tatu, muda uandikwe. Kama rais ana siku 14, gavana miezi sita na deni dogo siku 60, mirathi yenye ubishi iwe na mwaka mmoja au miwili, mnichagulie. Na kwenye mlango wa kila korti ibandikwe kila mwezi: kesi ngapi zina zaidi ya miaka mitano, na ngapi zimeahirishwa na korti yenyewe, si na mawakili. Tukiweza kubandika bei ya mafuta, tunaweza kubandika hilo.

Nne, na hii ni ya bure kabisa: hakimu akiahirisha, amweleze mwenye kesi sababu kwa Kiswahili, akimtazama usoni.

Najua wengi wenu mnasoma hapa mkiwa Roysambu au Kasarani na hamna shamba. Mnayo. Liko kwa jina la babu aliyekufa, na shangazi yako anakwenda korti kwa niaba yako bila kukuambia, kwa sababu hataki ukose darasa. Mpigie simu umuulize ni tarehe ngapi ameshapewa. Ziandike. Kila kituo cha korti kinapaswa kuwa na kamati ya watumiaji wa mahakama, inayokaa na hakimu, polisi, mawakili na wananchi. Wazee wachache hukaa humo, vijana hatumo. Mimi nitapeleka daftari letu kwa kikao kijacho, nitalisoma kuanzia Machi 2014, tarehe moja baada ya nyingine, hadi waniambie nikae chini. Nakuomba upeleke la kwenu.

Tarehe ya 38 ni mwezi ujao. Kesi itatajwa. Nilimwambia Cucu kurasa zinakaribia kuisha, nimnunulie daftari jipya. Akakataa. Alisema kurasa zilizobaki zitatosha: ama kesi itaisha, ama yeye ataisha. Alicheka alipokuwa akisema hivyo. Mimi sikucheka.